Mwanamkasi na Kioo cha Buluu

Kompyuta mpya ililetwa mizanini siku ya Jumatatu na Kibwana, dereva wa lori la chumvi. Alikuwa ameiweka kwenye kiti cha mbele na kuifunga mkanda kama abiria wa heshima. Alishuka nayo mikononi, akaingia mlangoni kwa ubavu, akaitua juu ya meza ya Mwanamkasi binti Hamidu, kisha akasimama kando akipangusa jasho.

"Bi Mkasi, mgeni wako huyo," alisema. "Njia nzima nimeendesha kama nimebeba mayai."

Ile ya zamani ilikuwa imeliwa na chumvi. Hewa ya pale hula kila kitu: bawaba za milango, misumari ya bati, pini za ushungi. Mashamba hayo ya chumvi yako kaskazini ya mji wa Bagamoyo, nyuma ya mikoko, mahali ambapo maji makubwa ya bamvua huingizwa kwenye majaruba na kuachwa jua liyanywe mpaka kibaki cheupe kitupu. Ofisi ya Mwanamkasi ni chumba kimoja cha matofali kando ya mizani kubwa ya magari. Dirisha moja linatazama mizani, jingine linatazama majaruba. Lori tupu likipanda, yeye huchukua uzito. Likirudi na mzigo, huchukua tena, huchapa karatasi na kumpa dereva. Kazi hiyo ameifanya kwa miaka kumi na tisa. Sasa ana umri wa miaka hamsini na miwili.

Baina ya lori moja na jingine huweza kupita saa nzima, pengine mbili. Hapo ndipo Mwanamkasi anapopotea. Hasinzii. Macho yako wazi, mgongo umenyooka, mikono imelala mapajani. Anatazama weupe wa majaruba mpaka weupe wenyewe unaanza kutembea. Jua la saa sita likishaikamata chumvi, mazigazi huinuka, na wafanyakazi wanaokwangua kule mbali huonekana kama wanaelea, miguu haipo, reki zao zinapiga kasia hewani. Wenzake wakimkuta hivyo husema, "Bi Mkasi kasafiri," na hucheka bila ubaya. Wanajua kwamba honi ya lori ikilia, atarudi.

Kompyuta mpya ilikuwa nyembamba, nyeusi, kimya kabisa. Ile ya zamani ilikuwa ikivuma kutwa kama mashine ya kusaga. Hii ilipokaa bila kuguswa ilififia yenyewe, kioo kikawa cheusi, na ofisi nzima ikatulia. Mwanamkasi aliipenda kwa hilo.

Jumatano, baada ya swala ya adhuhuri, lori la Kibwana lilipanda mizani na kupiga honi. Mwanamkasi alirudi kutoka alikokuwa, akagusa kipanya. Kioo kiliwaka, kikaonyesha dirisha lake la uzito, kikaganda. Kisha, bila sauti yoyote, kikageuka buluu. Buluu tupu, toka pembe hadi pembe, na katikati yake kijiuso cha huzuni kilichochorwa kwa nukta mbili na mstari, na chini yake maneno ya Kizungu.

Alikaa akiitazama. Lazima isemwe kweli: jambo la kwanza lililomjia halikuwa hofu. Aliona rangi nzuri. Ilikuwa buluu ya maji marefu, ile inayoonekana ukishavuka mwamba, na kwa kitambo kidogo alisahau kwamba kuna gari linangoja.

"Bi Mkasi, vipi huko?" Kibwana aliita kutoka dirisha la lori.

"Imegeuka buluu."

"Kitu gani?"

"Yote."

Kompyuta ilihesabu yenyewe mpaka mia, ikajizima, ikawaka upya. Kibwana alingoja dakika kumi na moja. Alhamisi ikatokea mara mbili. Ijumaa, malori yalipokuja kwa mfululizo ili yawahi kuondoka kabla ya swala, haikutokea hata mara moja. Jumamosi ikarudi.

Meneja wa shamba, Abdulazizi, ni mtu mpole anayeongea huku akitazama kando anapokuwa na neno zito. Alikuja mizanini Jumamosi jioni, akashika nguzo ya mlango.

"Bi Mwanamkasi, unisamehe. Kompyuta ni mpya, haina hata wiki. Sasa nasikia… mchana huwa unapitiwa na usingizi. Labda mkono unaangukia mahali pasipo pake."

"Mimi silali kazini, Bwana Abdulazizi."

"Watu wanasema."

"Watu wanasema nasafiri. Hawajasema nalala."

Aliondoka akikubali kwa kichwa bila kusadiki, na Mwanamkasi akabaki na joto usoni. Miaka kumi na tisa hakuna aliyemwuliza mikono yake iko wapi. Siku iliyofuata alijaribu kutokutazama nje. Alifuta meza, akapanga karatasi, akafuta meza tena. Kabla ya adhuhuri aligundua kwamba alikuwa amechoka kuliko siku yoyote aliyowahi kufanya kazi.

Abdulazizi akamwita fundi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne aitwaye Teddy, mwenye duka dogo la kutengeneza kompyuta na simu mjini Bagamoyo. Baba yake alikuja kufundisha pale akitokea Mahenge, na Teddy amezaliwa hapo hapo mjini. Kiswahili chake ni cha pwani na Jumapili yake ni ya kanisani. Alifika kwa bodaboda, mkoba mgongoni, viatu vyeupe kwa vumbi la chumvi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mgonjwa huyo hapo."

Teddy aliishughulikia kwa saa tatu. Alifungua hiki, akafunga kile, akaipekua, akaikung'uta, vidole havikutulia. Kompyuta haikukosea hata kidogo. Alibadilisha kumbukumbu yake ya ndani kwa kuwa ndicho chanzo cha kwanza anachokishuku fundi yeyote, akaufuta mfumo wote na kuupiga upya, akaunganisha mizani, akajaribu uzito mara kumi. Kila mara namba zilikuja. Akaaga.

Kesho yake, saa saba kasoro, buluu.

Mara ya pili aliichukua kabisa, akakaa nayo dukani kwake siku mbili. Aliirudisha akitikisa kichwa. "Mama, kwangu haina neno. Nimeiachia inafanya kazi kutwa, imetulia kama maji ya mtungini."

Mwanamkasi aliona aibu ile ya mzazi anayempeleka mtoto hospitali na homa ikamwacha mlangoni kwa daktari. Alihisi kama kompyuta inamsingizia. Ikiwa na fundi ni nzima, ikiwa naye inaanguka.

Ndipo alipochukua daftari la shule, lenye kurasa za mistari, na kuanza kuandika. Kila kioo kilipogeuka buluu aliandika siku, saa, na alichokuwa akifanya. Siku na saa zilikuwa rahisi. Kwenye alichokuwa akifanya, kalamu ilikwama. Mwanzoni alitaka kuandika "kazi." Lakini alikuwa peke yake, na hakuona sababu ya kuidanganya karatasi. Aliandika: *Nimekaa.* Siku iliyofuata: *Nimekaa.* Halafu: *Nimekaa, natazama nje. Gari limekuja, nimegusa kipanya.* Baada ya wiki moja ukurasa ulijaa, na alipousoma alikunja daftari haraka kama mtu aliyeona picha yake mwenyewe akiwa amelala mdomo wazi.

Teddy alipokuja mara ya tatu, safari hii kwa hasira ya kitaalamu maana Abdulazizi alikuwa ameanza kusema atatafuta fundi wa Dar es Salaam, Mwanamkasi alimwacha akae kwanza. Alimpa maji. Alizunguka meza mara mbili. Kisha akatoa daftari.

"Mwanangu, sijui kama linasaidia. Na ukisoma usicheke."

Teddy alisoma. Hakucheka. Alisoma tena kutoka juu, kidole kikishuka.

"Mama, ukikaa hivi, unakaa kwa muda gani?"

"Sijui. Mpaka gari lije."

"Dakika ishirini? Saa?"

"Saa huenda. Kuna siku zaidi."

"Na kompyuta, ukiwa umekaa, inakuwaje?"

"Nayo inazima kioo. Inakaa."

Teddy aliweka daftari mezani taratibu. "Na Ijumaa, magari yanapofuatana, haianguki."

"Haianguki."

"Mimi nikija siinyimi kazi hata dakika moja," alisema Teddy, kama anayejisemea. "Dukani nimeichezesha kutwa." Akavuta kiti cha plastiki, akakiweka karibu na cha Mwanamkasi. "Basi leo sifanyi kitu. Leo nakaa na wewe."

Ilikuwa saa tano na nusu. Walikaa. Teddy alidumu dakika nne kabla hajatoa simu. Mwanamkasi alinyoosha kiganja bila kusema, na Teddy, kwa tabasamu la mtoto aliyekamatwa, akampa. Simu ikawekwa ndani ya droo.

Mwanzoni Teddy alisikia tu. Pampu ya maji ikikohoa mbali. Bati la ofisi likitatarika kwa jua. Halafu sauti zikapungua, au yeye akaacha kuzihesabu. Kioo cha kompyuta kilififia, kikazima. Nje, heroe kama arobaini walikuwa wamesimama kwenye jaruba la mwisho, lile lenye maji ya waridi, na waridi yao na ya maji zikachanganyika mpaka ikawa vigumu kujua ni ndege wangapi na ni vivuli vingapi. Chungu za chumvi ziling'aa. Mazigazi yakainuka, watu wakaanza kuelea. Teddy aliona mwanamume mmoja akipita na toroli juu ya hewa tupu, polepole sana, kama anayesukuma wingu kulipeleka nyumbani.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "wewe huwa unaona nini?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Walikuwa wakisema kasafiri, lakini hakuna aliyeuliza anakwenda wapi.

"Namwona mama yangu," alisema Mwanamkasi. "Alikuwa akikwangua chumvi hapa, misimu mingi, kabla ofisi hii haijajengwa. Bi Zaina. Mimi nilikuwa nachezea tutani pale. Sasa akitokea anatokea kule, kwenye jaruba la tatu, kanga kaifunga kiunoni, anavuta reki. Haniangalii. Anafanya kazi yake tu. Akimaliza mstari anageuka na kuanza mwingine."

"Unaogopa?"

"Niogope nini? Si jini. Ni kumbukumbu, ila jua linaipa mwili. Mwenyewe najua. Akiwa hai hatukukaa pamoja sana. Alikuwa akirudi amechoka. Sasa ndiyo nakaa naye."

Teddy alitazama jaruba la tatu. Hakuona mtu, lakini aliendelea kutazama, na pumzi zao wawili zikaenda kwa mwendo mmoja. Dakika ngapi zilipita hata yeye, mtu wa saa na namba, hakuweza kusema baadaye.

Honi ya Kibwana ililia. Wote wawili wakashtuka. Mwanamkasi akanyoosha mkono, akagusa kipanya. Kioo kikawaka, kikaganda, kikageuka buluu.

"Hapo!" Teddy aliruka. "Simu yangu, mama, simu!" Aliitoa kwenye droo, akapiga picha kioo mara tatu kabla hakijajizima. Kisha akapiga magoti chini ya meza na kufuata waya kwa vidole, kutoka nyuma ya kompyuta, hadi kwenye kipande kidogo cha plastiki chenye kichwa cha USB upande mmoja na kichwa kipana chenye meno upande wa pili.

"Hiki kimetoka wapi?"

"Kilikuja pamoja na kompyuta. Waya wa mizani ni wa zamani, kompyuta mpya haina tundu lake. Wakatuletea hicho cha kuunganishia."

Teddy alikaa sakafuni palepale, akacheka kwa furaha ya mtu aliyekuwa akitafuta funguo na kuzikuta mfukoni. "Mama, kila kitu unachokichomeka kwenye kompyuta kina programu yake ndogo ya kukiongoza. Tunaiita draiva. Kompyuta isipoguswa kwa muda inajilaza, na inavilaza vifaa vyote. Ukigusa, inaamka na kuviamsha. Vyote vinaamka, isipokuwa hiki. Draiva yake haipatani nacho. Kompyuta inakiita, haijibiwi, inakiita tena, mwisho inaona bora ijiangushe yenyewe kuliko kuharibu kazi. Jina lake limeandikwa hapa kwenye picha."

"Kwa hiyo inaanguka ikiamka."

"Inaanguka ikiamka. Na mimi sikuwahi kuiacha ilale."

Abdulazizi alikuwa ameona lori limekwama juu ya mizani akaja mbio mbio. "Imekuwaje? Tatizo limejulikana?"

"Limejulikana," alisema Teddy. "Ni draiva."

Abdulazizi aligeuka kumkabili Kibwana, aliyekuwa ameegemea dirishani. "Nilijua tu! Kibwana, umeigonga njiani?"

"Mimi? Nimeifunga mkanda, bosi!"

Ilibidi Teddy aeleze upya, huku Mwanamkasi akiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka ofisini tangu Jumamosi ile.

Dawa ilikuwepo kwenye intaneti: draiva ya zamani, iliyotengenezwa kwa ajili ya vifaa kama kile. Mtandao wa simu pale mizanini ni wa kubahatisha, kwa hiyo Teddy alikwenda kusimama juu ya tuta karibu na pampu, simu kainyanyua juu. Alirudi nusu saa baadaye amewiva usoni, draiva ikiwa ndani ya simu. Aliitoa ile mbovu, akahakikisha imefutwa na mafaili yake, akaweka ya zamani, akaiwasha kompyuta upya. Kisha wakafanya jaribio pekee lililofaa: wakakaa. Kioo kikazima. Wakangoja mpaka karibu na alasiri. Mwanamkasi aligusa kipanya, na namba za mizani zikaja, zimetulia.

Ilikuwa heri ya siku tano. Jumanne ya wiki iliyofuata, buluu ikarudi.

Mwanamkasi alikuwa peke yake. Alipiga picha kioo kama alivyomwona Teddy akifanya, akampigia.

"Jina ni lile lile?" aliuliza Teddy.

Alimsomea herufi moja moja.

"Imejirudishia yenyewe. Ikipata intaneti inaona draiva ya zamani, inadhani inakusaidia, inaleta mpya. Mama, mimi niko Miono, kuna shule inanihitaji mpaka kesho. Utaweza kufanya ninavyokuambia?"

"Sijawahi."

"Umeniona nikifanya. Kaa hapo mbele yake."

Alibana simu kwa bega. Kibwana, juu ya mizani, alizima injini bila kuombwa. Teddy alimwongoza kwenye orodha ya vifaa, akamwambia atafute penye picha ya tundu la waya, abonyeze kitufe cha kulia cha kipanya, asome kwa sauti kila anachokiona kabla ya kugusa. Mara mbili mtandao ulikatika na Mwanamkasi alibaki akiwa amenyanyua kidole, akingoja. Mara ya tatu hakungoja. Aliona mahali pa kuweka tiki ili mafaili mabovu yafutwe, akakumbuka mkono wa Teddy ulivyokwenda pale, akaweka tiki, akakubali. Draiva ya zamani ilikuwa imehifadhiwa kwenye folda yake, akaiweka tena. Teddy aliporudi hewani alikuta imeshawekwa.

"Umefika wapi, mama?"

"Nimeshaiweka. Sasa nifanye nini isirudi?"

Teddy akacheka, akamwelekeza mahali pa kuikataza kompyuta isijiletee draiva yenyewe.

Baadaye, lori lilipokwisha kuondoka, Mwanamkasi alivuta kiti chake mbele ya dirisha la majaruba, akakaa kwa makusudi. Abdulazizi aliingia akamkuta hivyo, mikono mapajani, kioo cheusi.

"Unafanya nini, Bi Mwanamkasi?"

"Naijaribu kompyuta."

Alisimama kidogo mlangoni. Kisha akachukua kiti cha plastiki, akakaa naye. Hakuwa mtu wa kukaa. Goti lake lilichezacheza. Polepole nalo likatulia. Upepo ulipita juu ya maji, ukayakunja, ukayanyoosha.

"Nilikukosea siku ile," alisema, akitazama kando, upande wa heroe. "Ningeuliza kwanza."

"Yamekwisha."

"Huku kwako ni kuzuri. Miaka yote napita tu."

Mwanamkasi aligusa kipanya. Kompyuta ikaamka.

Msimu ulikwenda mpaka mwisho bila buluu nyingine. Mwezi wa tatu mawingu yalisogea kutoka baharini, chungu za chumvi zikafunikwa, wakwanguaji wakaanza kuagana mmoja mmoja. Teddy alikuja Jumapili moja baada ya misa, hakuitwa na mtu, akiwa na binti yake mdogo na mfuko wa machungwa. Wakakaa dirishani watatu, na binti akahesabu heroe mpaka akachanganyikiwa.

Wiki hiyo hiyo simu ya Mwanamkasi ililia. Alikuwa dada mmoja, karani wa mizani ya mahindi kule Ubena. Kibwana alikuwa amempa namba.

"Shikamoo, mama. Nasikia unajua kompyuta zinazogeuka buluu. Yangu leo ni siku ya nne, na bosi anasema ni mimi."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Una daftari?"

"Ninalo."

"Andika saa, na ulichokuwa unafanya. Hata kama hukuwa unafanya kitu, andika hivyo hivyo."

Waliongea kwa siku tatu, asubuhi na jioni. Ya Ubena haikuwa waya wa mizani. Ilikuwa printa, na iliwachukua muda mrefu kuijua, kwa sababu yule dada aliona haya kuandika kwamba alikuwa akichapa kadi za harusi ya mdogo wake. Alipoandika, wakaipata siku hiyo hiyo.

Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi, matone makubwa yaliyotoboa weupe wa majaruba kama vidole. Mwanamkasi aliizima kompyuta, akaifunika kwa nailoni, akafunga dirisha la mizani. Lile jingine aliliacha wazi kwa muda zaidi, akasimama hapo akitazama jaruba la tatu mpaka mkono wa gauni lake ukaloa.